Alama Si Dalili: Historia ya Uchunguzi wa Macho katika Skizofrenia, na Istilahi Zake

Mwaka 1908 ulizaa mambo mawili ambayo hayakujuana. Mwezi wa Aprili, mjini Berlin, daktari wa Uswisi Eugen Bleuler alisimama mbele ya wataalamu wa magonjwa ya akili wa Ujerumani akawaambia kwamba ugonjwa uliokuwa ukiitwa dementia praecox ulistahili jina jingine, naye akalitoa: skizofrenia. Mwaka huo huo, katika jarida la Uingereza liitwalo Brain, Wamarekani wawili, Allen Diefendorf na Raymond Dodge, walieleza kwamba macho ya wagonjwa wa ugonjwa huo huo hayakifuati kitu kinachokwenda polepole kama yafanyavyo macho ya watu wengine. Jina lilienea ulimwenguni. Habari ya macho ilikaa makabatini zaidi ya miaka 60 kabla ya kuamshwa. Katika makala haya twakusudia kuifuata habari hiyo ya pili tangu mwanzo wake, kwa kuwa imebeba masuala ya istilahi ambayo mfasiri wa vitabu vya utabibu, mwalimu wa chuo cha uuguzi na mtumishi wa wizara hawana budi kukutana nayo. Tena kuna neno moja ndani yake ambalo, likifasiriwa vibaya, laweza kumfanya mtu mzima wa afya aitwe mgonjwa.

Kwanza yafaa tueleze jicho lenyewe lafanya nini. Sehemu ya retina ionayo vizuri kabisa ni ndogo mno. Eneo linaloonekana kwa sehemu hiyo halizidi nyuzi 2 hivi, yaani takriban upana wa kidole gumba cha mtu aliyeunyosha mkono wake mbele. Yaliyo nje ya hapo huonekana kwa ukungu. Kwa hiyo jicho halina budi kuhamahama. Msomaji wa ukurasa huu adhani macho yake yateleza juu ya mistari kama mtumbwi juu ya maji matulivu, kumbe sivyo: yaruka, yatua, yaruka tena, mara 3 au zaidi katika kila sekunde, na wakati wa kuruka hayapokei habari yoyote ya maana. Ipo namna nyingine ya mwendo, nayo ni ya kukifuata kitu kinachosogea, mathalani dau lipitalo kwa mbali. Hapo jicho huenda kwa mwendo mlaini usiokatika. Mwendo huu wa pili hauji kwa amri ya mtu. Msomaji na ajaribu kuyatelezesha macho yake ukutani pasipo na kitu cha kufuata. Atadhani amefaulu, lakini mtu aliyekaa mbele yake ataona yanaruka tu.

Mfaransa Louis Émile Javal, daktari wa macho wa Paris, ndiye aghalabu atajwaye katika asili ya elimu hii, kwa sababu ya maandishi yake ya mwaka 1879 kuhusu usomaji. Mjerumani Ewald Hering aliyaeleza mambo hayo hayo mwaka ule ule, ila vitabu vingi humsahau. Katika maabara ya Javal, msaidizi wake Lamare aliweka ncha butu juu ya kope la msomaji, akaiunganisha na masikio yake mwenyewe kwa mpira, akaihesabu miruko ya jicho kwa kusikiliza. Javal naye alikuja kupofuka kwa ugonjwa wa glakoma karibu na mwaka 1900, akaandika kitabu kwa ajili ya vipofu wenzake. Neno lililoshika katika lugha nyingi za Ulaya kwa mwendo huo wa kuruka ni la Kifaransa, saccade, ambalo maana yake ya asili ni mvuto wa ghafula ambao mpanda farasi humpa mnyama wake kwa hatamu.

Je, Kiswahili nacho kilichukue neno hilo, kiseme sakadi? Kimatamshi halina ubaya. Lakini si desturi njema kukopa jina la tendo ambalo kila mtu analitenda na lugha ina maneno yake. Neno lililo karibu kabisa na picha ya hatamu ni mkutuo, kutokana na kitenzi kukutua, yaani kuvuta kwa ghafula. Tulilipenda mwanzoni. Kasoro yake hujitokeza mara mfasiri anapoanza kuandika sentensi. Kule kupumzika kifupi kwa jicho kati ya mruko na mruko kwahitaji jina vile vile, na jina lake lililo wazi ni tuo, kutokana na kutua, kama ndege atuavyo tawini. Basi “jicho linakutua” na “jicho linatua” yatakuwa mambo mawili yaliyo kinyume kabisa, yakitenganishwa na silabi moja, na mpiga chapa mwenye haraka atayachanganya kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo twapendekeza mruko wa jicho kwa lile la kwanza, tuo la jicho kwa la pili, na mfuatio wa jicho kwa ule mwendo mlaini. Mwandamo lingalifaa kwa maana, lakini limekwisha chukuliwa na mwezi. Mlolongo mzima wa miruko na matuo juu ya picha twauita mapito ya macho. Jina la Kiingereza la jambo hili la mwisho lilitolewa na David Noton na Lawrence Stark mwaka 1971, nalo lina picha hiyo hiyo ya njia iliyopitwa.

Mtu aliyeyatenga mambo haya kwa uangalifu ni Raymond Dodge, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, mjini Middletown katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1901 yeye na Thomas Cline walieleza namna ya kupiga picha ya mwendo wa jicho pasipo kuligusa: mwali wa mwanga ulimulika konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ukarudi na kuchora mstari juu ya bamba la picha lililokuwa likishuka polepole. Jicho likisogea, mstari ulipinda. Kabla ya hapo wako waliobandika vikombe vidogo juu ya jicho lililotiwa ganzi, jambo ambalo hata mtu mwenye akili timamu hulikubali kwa shida. Mwaka 1903 Dodge alitoa orodha ya aina 5 za miendo ya macho. Mruko ni aina ya kwanza na mfuatio ni ya pili. Nyingine ni zile zinazolishikilia jicho mahali pake wakati kichwa kinapogeuka, na ule wa macho mawili kukaribiana au kuachana. Wataalamu wangali wanaitumia orodha hiyo, ingawa wameipanua.

Mjini Middletown palikuwa pia na hospitali ya jimbo ya wagonjwa wa akili, na hapo ndipo alipofanya kazi Diefendorf. Wasomaji wa jarida hili watapenda kujua kwamba Diefendorf alikuwa mfasiri. Mwaka 1902 alitoa kwa Kiingereza kitabu alichokifupisha na kukirekebisha kutokana na chapa ya sita ya kitabu kikuu cha Mjerumani Emil Kraepelin, mtaalamu aliyeigawa wazi dementia praecox na ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia. Jina la ugonjwa Diefendorf aliliacha katika Kilatini chake. Hatuwezi kujua kama ni kazi ya kutafsiri iliyomtia hamu ya kutafuta jambo la kupimika chini ya majina yale, lakini twamwelewa: mtu aliyelazimika kutafuta maneno ya lugha yake kwa kila hali ya mgonjwa huona upesi kuliko wengine mahali ambapo neno limesimama peke yake, bila kitu nyuma yake.

Watu hao wawili walimketisha mgonjwa mbele ya timazi, yaani uzito uliotundikwa, wakaubembeza huku na huku, wakamwambia aufuate kwa macho. Macho ya mtu mzima huchora wimbi laini. Macho ya wagonjwa wengi wa dementia praecox yalibaki nyuma, kisha yakairukia timazi, yakabaki nyuma tena, hata wimbi likawa kama ngazi. Miruko ya kawaida, ya kutoka nukta moja hadi nyingine, haikuwa na hitilafu ya namna hiyo. Huo ndio uzito wa ugunduzi wao. Misuli ya macho ilikuwa mizima na nia ya kutazama ilikuwapo. Kilichokuwa na hitilafu ni ule uwezo wa kwenda pamoja na kitu kinachosogea.

Turudi kwa Bleuler, maana sababu zake za kubadili jina ni somo la istilahi. Jina la Kilatini lilisema mambo mawili: kwamba akili hupotea, na kwamba hupotea mapema, katika ujana. Bleuler, aliyekuwa akikaa na wagonjwa wake katika hospitali ya Burghölzli mjini Zürich, aliona kwamba lote mawili si kweli kwa wote. Tena, alisema katika kitabu chake cha mwaka 1911, jina lile halikuzaa kivumishi. Lilitaja ugonjwa bila ya kuweza kumtaja mgonjwa. Akachukua maneno mawili ya Kigiriki, schizein, kupasua, na phren, ambalo kwa Wagiriki wa kale lilikuwa kiwambo kilicho chini ya mapafu na papo hapo makao ya fikira, kama vile sisi tusemavyo moyo tukikusudia nia. Alikusudia kusema kwamba kazi za akili zimeachana: fikira haiandamani na hisia, wala neno haliandamani na neno lililotangulia. Lakini watu waliosikia “akili iliyopasuka” walielewa mtu mwenye nafsi mbili, mmoja mwema na mmoja mwovu, wakaaji wa mwili mmoja. Kosa hilo halijatoka katika magazeti ya dunia hata leo. Na kile kivumishi alichokitamani Bleuler kiligeuka kuwa nomino, kikambandika mtu ugonjwa wake kama kabila. Hapa Kiswahili kina bahati. Kiunganishi chake cha -a chatosha. Twasema mgonjwa wa skizofrenia, au vizuri zaidi mtu mwenye skizofrenia, na hatuna haja ya kutunga “mskizofrenia”.

Habari ya macho ililala. Mwaka 1934 Couch na Fox walitoa tena picha za macho ya wagonjwa wa akili, lakini haikuleta mwendelezo mkubwa. Zama zile wengi waliutafuta ugonjwa katika maneno ya mgonjwa na malezi yake ya utotoni. Mstari uliopinda juu ya bamba la picha haukuwa na mahali pa kukaa. Aliyeufufua ni Philip Holzman, wakati huo akiwa mjini Chicago. Mwaka 1973 yeye na wenzake Leonard Proctor na Dominic Hughes walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupima mfuatio wa macho kwa vipande vya kupokelea umeme vilivyobandikwa pembeni mwa macho. Waliikuta ngazi ile ile ya mwaka 1908. Mwaka uliofuata walitoa jambo jipya kabisa: walikuwa wamewapima pia ndugu wa damu wa wagonjwa, wazazi, kaka na dada, watu wasio na ugonjwa, na karibu nusu yao walikuwa na mfuatio wenye hitilafu, idadi iliyopita mbali ile ya watu wengine. Mwaka 1977 wakaongeza mapacha wa Norway. Pale ambapo pacha mmoja aliugua na mwenzake hakuugua, macho ya wale wa kufanana kabisa yalielekea kwenda sawa.

Hapa ndipo mfasiri hana budi kuweka kalamu chini na kufikiri. Alichokiona Holzman katika macho ya yule dada asiyeugua kiitwe nini kwa Kiswahili? Neno linalokuja mkononi ni dalili, maana ndilo litumiwalo kila siku zahanati: dalili za malaria, dalili za kifua kikuu. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Katika lugha yetu dalili hutangulia jambo na kulitangaza. Aliyeona dalili hukaa akingojea. Tukiandika kwamba dada wa mgonjwa “ana dalili za skizofrenia machoni”, tumemwambia yeye, na mchumba wake, na mwajiri wake, kwamba mvua inakuja. Utafiti haukusema hivyo. Ulisema kwamba katika ukoo huu kuna kitu kinachorithiwa, ambacho huonekana machoni mara nyingi zaidi kuliko ugonjwa wenyewe, na kwamba wengi walio nacho wataishi hadi uzee bila ya kuugua. Ishara nayo haitufai, kwa kuwa matabibu wameshaitenga kwa lile aonalo daktari kwa mgonjwa, sambamba na dalili aisikiayo mgonjwa mwilini mwake. Kiashirio ni neno zuri la takwimu, lakini bado laashiria, yaani laelekeza mbele. Twaona alama ndilo lifaalo. Alama yaweza kuwapo juu ya kitu bila ya kutangaza lolote litakalokipata. Baka la kuzaliwa ni alama, na mtu hafi kwa baka. Tena alama hufuata ukoo, kama ilivyo katika masikio ya ng'ombe.

Wataalamu wenyewe walihangaika na neno. Irving Gottesman na James Shields, waliochunguza urithi wa skizofrenia, walikwenda mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuazima istilahi iliyotungwa mwaka 1966 na John na Lewis kwa ajili ya panzi. Hao walitaka jina la sifa za ndani za mdudu, zisizoonekana kwa nje ila kwa hadubini. Kwa Kiingereza jina hilo ni la Kigiriki na ni refu. Kwa Kiswahili twaweza kusema alama ya ndani na tukaeleweka. Si vibaya kukumbuka kwamba istilahi hiyo nzito ya magonjwa ya binadamu ilianza nyasini.

Isidhaniwe kwamba Holzman hakupingwa. Wengine walisema wagonjwa hawatilii maanani tu. Basi Charles Shagass na wenzake, na Holzman mwenyewe pia, waliandika tarakimu juu ya timazi, wakamtaka mtu azisome huku akiifuata. Mfuatio ulitengenea kidogo, lakini haukufikia ule wa watu wengine. Wengine walisema ni dawa. Na kweli ikaonekana kwamba lithiamu, wanayopewa wenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, huharibu mfuatio, ambapo dawa nyingi zitumiwazo kwa skizofrenia hazikutosha kuieleza hitilafu hiyo. Pia ilikubalika kwamba hitilafu ya mfuatio hupatikana katika magonjwa mengine ya akili, ijapokuwa kwa uchache. Kwa hiyo ni alama isiyo ya ugonjwa mmoja tu, na hii ni sababu nyingine ya kuliogopa neno dalili. Baadaye Holzman na wenzake, wakiwa Harvard, walionyesha kwamba watu wenye skizofrenia hupata shida ya kutofautisha kasi za vitu viwili hata wakati ambapo hawatakiwi kuvifuata, jambo linaloielekeza hitilafu kwenye kuupokea mwendo, mbali na misuli ya jicho. Jaribio la kutazama upande wa pili, ambalo Hallett alilieleza mwaka 1978, twalipita kwa sentensi moja: nukta ikitokea kulia mtu atakiwa kutazama kushoto, na watu wenye skizofrenia huvutwa na nukta mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya jicho linalofuata. Jicho linalotafuta ni jambo pana zaidi. Kitabu chake cha msingi kilitoka Moscow mwaka 1965, kazi ya Alfred Yarbus, nacho kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1967. Yarbus alimwonyesha mtu mmoja picha moja, mchoro wa Ilya Repin ambamo mtu aliyekuwa hayupo kwa muda mrefu anaingia ghafula sebuleni kwao, akamwuliza maswali mbalimbali: watu hawa wana umri gani, ni matajiri au maskini, mgeni huyu ametoweka kwa muda gani? Kila swali lilichora mapito mengine ya macho juu ya picha ile ile. Swali la umri liliyapeleka macho kwenye nyuso. Swali la mali likayapeleka kwenye mavazi na samani. Tangu hapo haiwezekani tena kusema kwamba jicho hupokea tu kinacholetwa mbele yake. Watafiti waliofuata, hasa katika miaka ya 1990, waliwaonyesha watu wenye skizofrenia picha za nyuso, wakakuta mapito mafupi, matuo machache, na macho yasiyokaa sana juu ya macho na kinywa cha uso wa picha, pale ambapo wengine husoma hisia. Katika Kiswahili twaona yafaa kutenga maneno mawili: kutazama kwa tendo la jumla, na upekuzi wa macho kwa kule kutafuta habari katika picha. Upekuzi, kweli, lina harufu ya polisi. Lakini kuku naye hupekua, na picha ya kuku achakuraye uani ndiyo hasa mwendo wa jicho linalotafuta.

Japani ndiyo iliyolipa jambo hili kipimo chepesi. Takuya Kojima na wenzake walitumia mchoro wa herufi S iliyolazwa. Mtu huonyeshwa mchoro wa kwanza, kisha mwingine uliobadilishwa kidogo, akaulizwa kama kuna tofauti. Akisha kujibu, huulizwa kama kuna tofauti nyingine. Kinachohesabiwa ni sehemu ngapi za mchoro, kati ya 7, ambazo jicho lilitua kwa muda wa sekunde 5. Watu wasio na ugonjwa huzungusha macho upya wakisikia swali la pili, hata kama wana hakika kwamba hakuna kilichobaki. Watu wenye skizofrenia hutazama sehemu chache zaidi. Mwaka 2001 yalitolewa matokeo ya utafiti wa vituo vingi chini ya Shirika la Afya Duniani yaliyoonyesha kwamba tofauti hiyo hukaa imara.

Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyolibadili jina la ugonjwa. Tangu mwaka 1937 Wajapani walikuwa wameifasiri skizofrenia neno kwa neno, seishin bunretsu byo, ugonjwa wa akili iliyopasuka. Tafsiri ilikuwa sahihi, na usahihi wake ndio uliokuwa mateso. Mjapani asiyejua Kigiriki aliusikia mpasuko kila jina lilipotajwa, hali Mwingereza alisikia sauti tu. Madaktari wengi waliona haya kumtajia mgonjwa jina hilo. Mwaka 1993 chama cha familia za wagonjwa kiliomba libadilishwe, na mwaka 2002 chama cha madaktari kikatangaza jina jipya, togo shitcho sho, ambalo maana yake ni karibu na hitilafu ya uunganisho. Katika muda wa miaka 3 kadiri ya wagonjwa walioambiwa jina la ugonjwa wao ilipanda kutoka asilimia 37 hivi hadi asilimia 70 hivi. Dawa zilikuwa zile zile. Takriban muongo mmoja baadaye Korea ya Kusini nayo iliacha jina la mpasuko, ikachukua lenye picha ya kulinganisha nyuzi za chombo cha muziki.

Hoja hiyo yatuelekeza wapi? Tunayo maneno mengi ya hali hizi, kichaa, wehu, wazimu, umajinuni, na mawili ya mwisho yana mizimu na majini ndani yake. Hata majina ya mahali hayakusalimika: Tanzania mtu hutaniwa kwa kutajiwa Mirembe, Kenya kwa kutajiwa Mathari, ambazo ni hospitali zenye kazi yake kama hospitali yoyote. Hakuna hata moja la maneno hayo lifaalo kuwa istilahi ya ugonjwa mmoja kati ya magonjwa mengi. Kutunga jipya kwa kufasiri Kigiriki ni kuyarudia ya Japani. Kwa mara hii twauunga mkono mkopo: skizofrenia, kwa tahajia hiyo, bila ya kuingiza irabu baada ya s, maana tuna skuli na skrubu wala ulimi haukwami. Neno geni lisilo na picha ni kama chumba kitupu, na mgonjwa aweza kuingia ndani yake pasipo kukuta wenyeji wanaomcheka. Kwa miendo ya macho ushauri wetu ni kinyume chake. Huko Kiswahili kitumie maneno yake chenyewe, kwa kuwa mgonjwa atatakiwa aelewe anaambiwa afanye nini.

Mwaka 2012 Philip Benson, David St Clair na wenzao wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland, waliunganisha mfuatio, uthabiti wa tuo na upekuzi wa picha katika watu 88 wenye skizofrenia na 88 wasio nayo, na hesabu zao zikawatenga kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 98. Gazeti lililofasiri habari ya namna hiyo kwa kichwa cha “macho yafichua wazimu” lingekosea mara mbili, katika nomino na katika kitenzi. Waliotengwa walikuwa watu ambao ugonjwa wao ulikwisha julikana na watu wasiokuwa na shaka yoyote. Wale ambao daktari huwaonea shaka ni kundi jingine. Ugonjwa huu bado hutambuliwa kwa kuzungumza na mgonjwa na jamaa zake, na kwa kumwangalia kwa muda.

Limebaki jambo dogo la maagizo. “Fuata nukta hii kwa macho bila kugeuza kichwa” ni sentensi iliyo wazi. Lakini lile swali la Japani lina mtego. Mfasiri akiliandika “Huoni tofauti nyingine?”, mtu wa mwambao atajibu “Ndiyo”, akikusudia ndiyo, sioni, na mpimaji aliyesomea kwa Kiingereza ataandika kwamba ameona. Na liandikwe “Je, kuna tofauti nyingine?” Tena mpimaji kijana anayemwuliza mzee swali lilo hilo mara ya pili huonekana hakuliamini jibu la kwanza, mzee atamjibu “Hakuna, mwanangu” akimtazama yeye usoni, na mchoro usitazamwe kabisa, na ule uchache wa matuo utaandikwa kuwa ni wa ugonjwa. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya jaribio, kabla ya mchoro wowote kuonyeshwa, iwe: “Shikamoo, mzee. Nitakuuliza swali moja zaidi ya mara moja. Ndivyo kipimo kilivyo, si kwamba sikukusikia.”